Mpima na Nchi Isiyo na Mpaka

Mtaa mzima wa Mlandege ulimwita Mpima, kwa kazi ya kupima ardhi aliyoifanya maisha yake yote. Mimi nilipomjua alikuwa ameshastaafu miaka mingi na hakuna aliyemtuma tena kupima kitu, lakini alikuwa akipima vivyo hivyo. Akiingia dukani kwangu, kabla ya salamu, hutazama mlango, hutazama kaunta, halafu huniambia, "Umeisogeza." Na kweli nilikuwa nimeisogeza asubuhi nikifagia, upana wa vidole viwili, nisijue mwenyewe.

Duka langu ni la steshenari. Natoa fotokopi, nachapa barua, natia karatasi laminesheni ya plastiki, napiga picha za pasipoti. Yeye alikuja mara ya kwanza kutoa nakala ya kadi yake ya kliniki, akaona namna ninavyokata karatasi kwa mkasi, akaninyang'anya mkasi. Tangu siku hiyo alikuwa akipita karibu kila siku baada ya sala ya adhuhuri. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi na kofia iliyoshonwa kwa mkono, na mfukoni alikuwa na penseli tatu zilizochongwa ncha zote mbili. Hakuwahi kunieleza kwa nini zote mbili. Nilidhani ni ubahili, kisha nikaona kwamba ncha moja aliitumia kuchora na nyingine kuandika, na hakuzichanganya hata siku moja.

Mwandiko wake ulikuwa mzuri kupita kiasi. Wateja waliomwona akijaza fomu walimwomba awajazie na wao, naye hakukataa, ila aliwahoji kwanza. Mtu akisema anaishi Jang'ombe, yeye aliyekuwa akiishi huko huko humuuliza, "Jang'ombe wapi? Nyuma ya nini? Mlango unatazama wapi?" Mtu alikuwa akitoka pale anaijua nyumba yake kuliko alivyoingia.

Mwenyewe hakuwa na kiwanja. Alikaa vyumba viwili vilivyoachwa na dada yake, mkewe ameshatangulia, binti yake yuko Maskati. Alikuwa akisema, bila ya kucheka, "Nimekigawa kisiwa kizima, nikasahau kujigaia."

Na kitu kimoja hakuweza: kuomba radhi. Siku moja alimwaga kahawa juu ya fomu za skuli za mama mmoja, seti nzima. Mama yule akamtazama akingoja neno. Mpima akachukua kofia yake akatoka. Nilimkasirikia sana. Kesho yake asubuhi alikuja na fomu mpya alizokwenda kuzichukua mwenyewe kwa miguu, kazijaza zote, na mkate wa mofa umefungwa kwenye gazeti. Kuhusu kahawa hakusema kitu. Kwake yeye kosa lilikuwa ni jambo la kurekebishwa, si la kusemwa. Nilikuja kuona baadaye alivyoumia kwa tabia hiyo, na alivyowaumiza wengine.

Mchezo niliutia mimi kwenye kompyuta. Lazima niliseme hili, maana watu waliposikia habari zake walidhani alipotezwa na vijana. Nina kompyuta mbili, na siku za mvua hakuna mteja, basi nilikuwa nacheza mchezo mmoja wa kutembea katika nchi ya milima na pwani. Alisimama nyuma yangu muda mrefu akitazama.

"Unafanya nini?"

"Nacheza, Mzee."

"Unashinda vipi?"

"Hakuna kushinda."

"Basi unashindwa vipi?"

"Wala kushindwa hakuna. Unatembea, unachimba, unajenga. Ukitaka unalima. Usipotaka unakaa tu unatazama bahari."

Akafikiri. "Na nani kakutuma?"

"Hakuna aliyentuma."

"Mpaka wake uko wapi?"

"Hauna. Kila ukienda mbele nchi inazidi kutokea."

"Hakuna nchi isiyo na mpaka," akasema. Akavuta kiti cha kompyuta ya pili. "Nionyeshe pa kukanyagia."

Nilimfundisha kushika mausi. Mkono wake ulitetemeka siku mbili tu, halafu ukazoea. Alikwenda magharibi moja kwa moja, kila siku, saa moja au mbili. Akikuta mlima anaupanda, akikuta bahari anajenga kijichombo cha mbao anavuka. Kando yake alikuwa na daftari, na kila mlima aliuandika. Wateja wangu walizoea kumwona hapo, mzee wa kofia anayekwenda bila ya kufika, na baadhi yao walikuwa wakimuuliza, "Bado, Mpima?" Naye hujibu, "Bado."

Wiki ya nne aliweka penseli chini. Uso wake ulikuwa umechoka, kama mtu aliyekwenda kwa miguu kweli.

"Hawa walioutengeneza hawakujua wanataka nini."

Mimi nilikuwa namhesabia mteja kurasa, nikamjibu bila ya kugeuka, "Labda wanataka ujiamulie mwenyewe, Mzee."

Nimelijutia sana neno lile. Akalirudia polepole, "Nijiamulie mwenyewe." Mtu huyu miaka yote alipewa ramani, akapewa mstari, akaambiwa atie sahihi wapi. Nadhani hakuna aliyewahi kumwambia maneno hayo kabla yangu.

Siku mbili hakuonekana. Siku ya tatu alikuja, akaukalia mchezo, na safari hii hakwenda magharibi. Alitafuta pwani moja ndefu yenye mchanga, akaanza kuipima. Alichimba mifereji midogo kuwa mistari. Alipanda miti kuwa alama. Akatengeneza visima viwili, na njia ya kuteremkia majini, na chanja kama zile wanazoanikia mwani wanawake wa kusini. Halafu akagawa viwanja, na katika kila kiwanja akasimamisha kibao chenye jina. Bi Hidaya. Bi Mtumwa. Bi Kazija. Vilikuwa vibao kumi na kimoja.

Nilimuuliza hao ni nani.

"Watu," akasema.

Alinieleza wiki nyingine, mvua inanyesha, duka tupu. Alisema huku macho yake yako kwenye skrini.

"Zamani, mahoteli yalipoanza kuota kule pwani, nilipelekwa kupima sehemu moja kusini. Nikakuta visima viwili, nikakuta chanja za mwani, nikakuta njia yao ya kwendea pwani. Nikamwambia mkubwa wangu, hapa pana watu. Akanambia, wewe kazi yako mstari. Andika ardhi wazi."

"Ukaandika?"

"Nikaandika. Na mwandiko wangu unaujua."

"Wenyewe walisema nini?"

"Waliniletea madafu," akasema. "Niliwaambia nnapima tu."

Nikenda kumpikia chai. Niliporudi alikuwa anaongeza kivuli juu ya kisima cha pili, kwa uangalifu, jani kwa jani.

Ningependa kusema kwamba nilimwona anaelekea wapi, lakini sikumwona. Nilifurahi kwa ajili yake. Alikuwa mchangamfu kuliko nilivyowahi kumjua, alikuwa akila. Aliponiomba nimtolee kwenye printa picha ya kila kiwanja, nikamtolea. Akazichukua nyumbani, akazirudisha amezichora upya kwa penseli juu ya karatasi safi: mipaka, vipimo, mshale wa kaskazini, jina la mwenyewe juu, na chini kabisa sahihi yake. Zilikuwa nzuri mno kuachwa hivi hivi. Ni mimi niliyesema tuzitie laminesheni. Ni mimi niliyebandika nyuma yake kijikaratasi cha jina la duka, kama ninavyobandika kazi zote.

Alikwenda nazo kusini siku ya Jumapili. Aliporudi nilimuuliza walizipokeaje.

"Wawili wameshakufa, nimewapa watoto wao," akasema. "Wengine walicheka. Bi Hidaya aliipokea kwa mikono miwili."

"Uliwaambia ni za nini?"

"Nimewaambia hii ndiyo sehemu yako, ingekuwa hivi."

Nikaridhika na jibu hilo. Katika maneno yote yale, neno "ingekuwa" ni dogo sana, na mtu aliyelingoja neno "yako" miaka yote hiyo hawezi kulisikia.

Haikupita miezi miwili. Asubuhi moja, Mpima yuko kwenye kompyuta yake, akaingia mwanamke mtu mzima, mwembamba, ngozi ya mikono imekauka kwa maji ya chumvi. Alipiga hodi ingawa mlango ulikuwa wazi.

"Karibu, Bi. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nimeelekezwa hapa kwa hii karatasi ya nyuma. Nataka nakala tatu."

Akafungua fundo la kanga yake, ndani kuna mfuko wa plastiki, ndani ya mfuko kuna kitambaa, ndani ya kitambaa ule mchoro.

"Afisi ya ardhi wamesema nilete nakala tatu," akasema. "Nimekwenda mara nne. Mara zote husema njoo kesho, leo ndo wamenambia nakala. Hoteli nako nilikwenda, nikamwonyesha mlinzi. Yule hajui kusoma vizuri, akanirudisha. Lakini nakala zikifika itakuwa sawa. Binti yangu nshamwambia aache kazi yake huku mjini arudi nyumbani, tutaanika wote. Ameshaacha. Amekuja tangu wiki iliyopita."

Nilishika ile karatasi nisiweze kuitia kwenye mashine. Niligeuka. Mpima alikuwa ameshasimama.

"Bi Hidaya," akasema.

"Ah, na wewe upo," akasema yule mama, uso ukamchangamka. "Salaam aleikum. Waambie basi na wewe, huenda wakakusikiliza mwenye sahihi."

Hakuitikia salamu. Kisha akafanya jambo ambalo hata leo nikilikumbuka nainamisha kichwa. Alimvutia kiti, akamkalisha mbele ya kompyuta, akasema, "Njoo nikuonyeshe ilipo."

Bi Hidaya akakaa. Mpima akamtembeza. Akamwonyesha visima, akamwonyesha chanja, akamteremsha njiani mpaka kwenye mchanga. Mama yule alitazama kwa makini, mwili umesogea mbele.

"Hii ni wapi?"

"Hapa ni kama pale penu."

"Kile kibao kimeandikwa nini?"

"Jina lako."

"Na bahari ile, nikifika naweza kuingia?"

"Unaweza."

"Nikavuna?"

Mpima akazidi kuisogeza mausi.

"Nakuuliza. Nikavuna, nikaanika, nikarudi nyumbani, n'takuwa na nini mkononi?"

"Hutakuwa na kitu," akasema Mpima. "Ni mchezo, Bi Hidaya. Ni mchezo wa kompyuta. Ile karatasi nimeichora mimi kutoka humu. Si hati. Nlitaka tu..."

Bi Hidaya aliendelea kutazama skrini, mawimbi yanakuja na kurudi, yanakuja na kurudi. Nje mtu alikuwa anauza maji kwa kelele. Hatimaye akaondoka kwenye kiti, akaja kwangu, akanyoosha mkono, nikampa karatasi yake.

"Mara ya kwanza ulikuja na vijiti," alimwambia Mpima, wala hakupandisha sauti. "Ukasema unapima tu. Mara ya pili umekuja na karatasi. Mara ya tatu usije."

Na hapo ndipo nilipomsikia Mpima, kwa mara moja tu katika miaka yote ile, akisema, "Nimekukosea. Niwie radhi."

"Ile ya kwanza nilikusamehe bila ya wewe kuomba radhi; sasa n'ende nikamwambie nini binti yangu?" akasema. Akafunga fundo lake. Alipofika mlangoni alinigeukia mimi, kwa adabu ile ile aliyoingia nayo, akasema, "Kwaheri, mwanangu." Ningependa angenitukana.

Kesho yake Mpima alikuja mapema. Akaufungua mchezo, akang'oa vibao vyote, kimoja kimoja, akaufunga. Halafu akaniambia nimchapie barua. Nakumbuka nilianza kwa "Kwa heshima na taadhima" kama ninavyoanza barua zote za afisini.

"Ondoa hiyo," akasema. "Hii si barua ya kuomba."

Barua ilikuwa na mistari minne. Ilisema kwamba yeye ndiye aliyepima sehemu ile, kwamba aliandika ardhi wazi, kwamba haikuwa wazi, na yuko tayari kuapa. Akatia sahihi. Akaipeleka.

Alikwenda nayo afisini wiki sita. Wakamtuma dirisha hili, wakamtuma dirisha lile, na mtu aliyetakiwa kuipokea alikuwa safarini. Alikuwa akipita dukani mchana na barua yake ile ile, pembe zimeanza kulegea, namchapia nyingine. Hakutaka kukaa. Mara ya mwisho alikaa.

"Leo ofisa mmoja amenisikiliza," akasema. "Ameitafuta ramani yangu, ameipata. Ameitazama sana. Amenambia, Mzee, kazi safi kama hii siku hizi hatuioni. Haina kosa hata la inchi moja."

"Na barua?"

"Amenirudishia. Amesema nikapumzike."

Nilimwona akilia siku hiyo. Alilia kimya, kofia mapajani, wateja wawili wamesimama kwenye kaunta wanajifanya wanasoma bei ya madaftari.

Baada ya hapo hakuja tena Mlandege. Nikapita kwake Jang'ombe, majirani wakaniambia hutoka alfajiri na jembe, huenda shamba, na hurudi jioni. Nilijua hana shamba. Ijumaa moja nikafunga duka nikenda kusini kumtafuta.

Sikuhangaika kumpata. Ukuta wa hoteli ile ni mweupe, mrefu, unafuata barabara ya kijiji mpaka macho yanachoka. Alikuwa nje yake, kandokando ya barabara, suruali ameikunja, anachimba. Nyuma yake kulikuwa na mashimo, nilihesabu tisa. Mlinzi wa hoteli alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya kivuli cha geti.

"Ni babako?" akaniuliza.

"Namfahamu."

"Mchukue. Mie nimechoka kumfukuza, na sehemu anayochimba si yetu."

Nikamwendea. "Shikamoo, Mzee."

"Marahaba." Hakuacha kuchimba. Alikuwa amekonda, shati lile jeupe limekuwa rangi ya udongo.

"Unatafuta nini?"

"Jiwe la mpaka. Lile la kwanza. Nililitia kwa mkono wangu, saruji nilikoroga mwenyewe. Nikilipata hilo, najua la pili liko wapi, na katikati ya mawe hayo ndipo ilipopita njia yao ya pwani."

"Ukishaonyesha ilipopita, halafu?"

Akasimama, akaegemea jembe. Alifikiri kwa dhati, kama mtu aliyeulizwa swali la mtihani.

"Sijui, mwanangu."

Akaanza shimo la kumi. Minazi aliyoitumia zamani kuwa alama ilikuwa imekatwa yote, na barabara imepanuliwa. Nilimwambia twende nyumbani, akale, apumzike, tutarudi siku nyingine. Alichimba. Nilimwambia binti yake wa Maskati atasema nini akimwona hivi. Alichimba. Nikasimama tu juani.

Ndipo akapita Bi Hidaya. Alikuwa na gunia la mwani mbichi kichwani, maji yanamtiririka shingoni, anatoka pwani kwa ile njia ya mbali inayouzunguka ukuta. Nyuma yake alikuja mwanamke mwingine mwenye gunia lake, umbo lile lile, nikajua ni binti. Mimi nilimwamkia, akaniitikia. Lakini Mpima, Bi Hidaya hakumtazama. Wakatupita.

Hatua kama ishirini mbele, Bi Hidaya akasimama. Akamwambia binti yake kitu, binti akaendelea na njia. Yeye akarudi, gunia lile lile kichwani, akasimama upande wa pili kabisa wa barabara, karibu na shina la mkadi.

"Si huko," akasema. "Huko ulikuwa unachungulia kwenye chombo chako cha kupimia. Jiwe ulilitia hapa."

Akagusa ardhi kwa ncha ya mguu.

"Nikijikwaa nalo kila siku mpaka walipolifukia. N'talisahau vipi?"

Akageuka akaenda zake.

Mpima alivuka barabara. Alichimba pale alipopagusa Bi Hidaya. Pigo la tatu jembe likalia juu ya saruji. Akalitupa jembe, akapiga magoti, akaondoa udongo kwa vidole mpaka ikatokea namba iliyochongwa, tarakimu nne, nzuri, zimenyooka. Mlinzi aliinuka kwenye kiti chake akaja kutazama.

"Ndilo?" akauliza.

"Ndilo," akasema Mpima.

Nilingoja aniambie la pili liko wapi. Alibaki amepiga magoti, viganja viwili juu ya lile jiwe. Nilitazama barabarani. Bi Hidaya alikuwa anakwenda, mkono mmoja umeshika gunia, na hakuwa amefika hata nusu ya ukuta.